Mkanda wa Harusi ya Huda

Jokha aliuvuta mkanda kutoka kwenye kigurudumu chake pole pole, kwa ncha za vidole, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Bafu la nyumba yao pale Ghulail, Jeddah, lilikuwa dogo, limejaa harufu ya dawa za picha, na upande wa pili wa mlango mama yake, Bi Zuwena, alikuwa anatwanga iliki. Leo ilikuwa siku ya posa. Alasiri wangekuja wazee wa Hilal kutoka Riyadh, na Hilal mwenyewe pamoja nao.

Alitaka amalize mkanda huu mmoja kabla ya kuoga. Mama Mkubwa Rayya, dada wa mama yake, alikuwa keshafika na ndege tangu jana, na hakuwa na neno jingine mdomoni ila picha za harusi ya binti yake, Huda.

Jokha aliuinua mkanda kwenye taa, akafumba jicho moja. Kwenye negativu mambo huwa kinyume, cheupe hutoka cheusi. Kwa hiyo alikuwa anatafuta shela jeusi tititi, na meno meusi ya wanawake wanaocheka.

Hakuona shela. Aliona dirisha.

Akashusha jicho kwenye picha ya pili. Dirisha. Ya tatu, dirisha, na paka amejikunyata chini yake. Yalikuwa ni yale madirisha ya mbao ya mitaa ya zamani ya Al-Balad, yaliyochongwa vitundu vitundu kama kitambaa cha kufuma, aliyoyapiga yeye mwenyewe kwa ajili ya Hilal.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkanda ukining'inia mkononi, ukidondosha maji kwenye kanga yake.

Kama madirisha ya Hilal yako hapa, basi harusi ya Huda iko kwa Hilal.

Kazi ya Jokha ilikuwa kupiga picha katika kumbi za wanawake. Humo, simu huachwa mlangoni. Wanawake huvua mabaibui, wakabaki na nywele zao, mabega yao, na magauni ambayo nje hayaoni jua, wakacheza mpaka wakatoka jasho. Mwenye kamera alikuwa ni yeye peke yake, na ilikuwa lazima iwe kamera ya mkanda. Picha ya simu hukimbia. Ukiigeuzia kisogo imeshafika Muskati. Mkanda haukimbii. Anaupiga mwanamke, anausafisha mwanamke, na negativu anakabidhiwa bibi harusi mkononi. Hakuna mwanamume anayeziona. Hata Mazin, kaka yake mkubwa, aliyekuwa kama baba tangu baba yao afariki, hakuthubutu kuingia bafuni mikanda ikiwa imeanikwa. Mwanamke mmoja tu akionekana alivyokuwa usiku ule, na mume wake akasikia, nyumba ingevunjika. Huda mwenyewe hina yake ilikuwa bado haijafifia.

Na Hilal alikuwa mwanamume. Mwema, mpole, lakini mwanamume.

Walijuana kwenye duka la kamera hapo hapo Jeddah, wote wawili wameshika mkanda mmoja uliobaki kwenye rafu. Hilal akauachia. "Chukua wewe," alisema. "Mimi nitaangalia kwa macho mpaka wapate mwingine." Alikuwa Mzanzibari wa Riyadh kama wao walivyokuwa Wazanzibari wa Jeddah, anachora michoro ya majengo kwenye ofisi moja ya mtaa wa Olaya, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: kupenda kitu kinachochelewa. Kupima mwanga kwa utulivu, kuvuta pumzi kabla ya kubonyeza, kusikia ule mlio mdogo wa kusogeza mkanda kwa kidole gumba, halafu kusubiri bila kujua umepata au umekosa.

Ndipo wakabuni mchezo wao. Jokha hupiga mkanda mzima Jeddah, akaurudisha ndani ya kichupa chake, akampelekea Hilal. Naye huupiga ule ule tena huko Riyadh, juu ya zile picha za kwanza, bila kujua chini yake kuna nini. Ukisafishwa, miji miwili hukaa kwenye picha moja. Picha aliyoipenda Jokha kuliko zote ilikuwa dirisha la Al-Balad na treni ya Olaya inapita ndani yake, kana kwamba mtu akifungua dirisha lake Jeddah anawaona abiria wa Riyadh wamekaa na mikoba yao. Hawakuwa wamewahi kushikana mikono. Lakini macho yao yalikuwa yamelala pamoja kwenye karatasi moja mara nyingi.

Kosa lilitokea Alhamisi, Riyadh, asubuhi baada ya harusi. Safari hii dukani hakukuwa na mkanda ila ule wa kasi, wa kupigia penye mwanga mdogo, kwa hiyo vichupa vyote vilikuwa sura moja. Jokha alitaka kumwachia Risper, msichana wa Kenya aliyefanya kazi kwa Mama Mkubwa Rayya, mkanda wa madirisha ili ampe Hilal. Na nje, kwenye geti, Mazin alikuwa kwenye usukani anapiga honi.

"Yalla, Jokha! Njia ni kutwa nzima! Ungekubali kupanda ndege kama watu, ningekuwa nimelala sasa!"

Jokha hakuwahi kupanda ndege na mikanda. Mashine za uwanjani, zile za kupitishia mizigo, huuchoma mkanda wa kasi ukatoka na ukungu. Ndiyo maana Mazin alilazimika kuendesha gari njia nzima kupitia Taif, akinung'unika kila kituo cha mafuta. Na katika pilika za honi ile, Jokha alitia mkono mkobani, akatoa kikopo cha plastiki cha kwanza alichokigusa, kichupa kikiwa ndani.

Sasa akainyakua simu juu ya sinki, akampigia Risper, sauti ya chini.

"Risper, kile kikopo nilichokupa, umeshakitoa?"

"Ile ya Hilal? Ai, si nilimpea jana hapo kwa geti! Alishika hivi na mikono mbili kama sakramenti. Nikamwambia, kaka, ni plastiki tu."

"Alikifungua?"

"Hapo hapana. Aliweka kwa mfuko ya shati. Kwani kuna nini, dadangu? Mbona unapumua hivyo?"

"Hakuna kitu."

"Wewe. Mimi nimelea watoto wa watu kutoka nifike hii nchi, najua mtu akiniambia hakuna kitu. Umemwekea barua ya mapenzi ndani?"

"Risper, nikuombe. Usimwambie Mama Mkubwa kwamba nimekuuliza."

"Madam ako hapo kwenu, nitamwambiaje? Enda uoge, bibi harusi. Unanitisha."

Jokha akakata. Akampigia Hilal. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Ndipo alipoukumbuka ujumbe wa alfajiri. Tangu posa ipangwe, Bi Zuwena alikuwa amewakataza kuzungumza kwenye simu, na Hilal alikuwa ameishika amri ile kama sala. Lakini leo kabla jua halijachomoza alikuwa ameandika neno moja tu: *Kuna jambo kuhusu mkanda. Nitakwambia kwa mdomo.*

Alipousoma mara ya kwanza alitabasamu, akadhani ni tamu. Akauacha kwenye simu juu ya meza ya chai. Aliporudi alimkuta Mazin amesimama kando ya meza, hatazami chochote, kama mtu aliyemaliza kutazama.

Sasa aliusoma tena, na kila herufi ikamchoma. Hilal alikuwa na desturi ya kuupiga mkanda siku ile ile anapoupata, Olaya ikiwa tupu Ijumaa, na kuusafisha jioni yake. Jana ilikuwa Ijumaa. Ameshaona. Amemwona Huda nywele zimemwagika. Amemwona Mama Mkubwa Rayya akicheza mikono juu. Na juu ya nyuso zao ameweka treni.

"Jokha!" Bi Zuwena aligonga mlango. "Wewe mtoto unaoga au unafuga samaki humo?"

"Natoka, mama."

"Mama Mkubwa wako anauliza picha."

"Mwambie bado hazijakauka," alisema Jokha, na alikuwa hajawahi kumdanganya mama yake kupitia mlango.

*

Wazee walifika baada ya sala ya alasiri. Ghulail ilikuwa na joto la kuchemka, na muuza barafu alikuwa anapiga kelele chini ya dirisha. Jokha, amevaa baibui lake jipya na shela la zambarau, aliketi na mama yake na Mama Mkubwa katika chumba cha wanawake. Kati yao na sebule ya wanaume kulikuwa na pazia zito na mlango usiofunga sawasawa. Kila neno lilipita.

Alisikiliza salamu. Alisikia sauti ya Ami Nassor, baba mdogo wa Hilal, nzito na yenye kikohozi. Alisikia sauti ya mzee mwingine. Sauti ya Hilal hakuisikia.

"Na bwana mwenyewe?" Mazin aliuliza.

Ami Nassor alikohoa.

"Bwana mdogo, nitakwambia kweli kwa sababu sina uongo mzuri. Hilal alikuwa nasi uwanjani alfajiri. Tumefika kwenye foleni ya mashine ya mizigo, akasimama, akageuka rangi. Akanambia, Ami, tangulieni, mimi nakuja. Nikamwuliza, unakuja na nini, na ungo? Akaondoka anakimbia."

"Anakimbia," Mazin alirudia.

"Tumempigia simu, haipatikani."

Nyuma ya pazia, Jokha aliisokota ncha ya shela lake. Amekimbia. Amesafisha mkanda jana jioni, ameona alichoona, na leo mbele ya wazee wake ameshindwa kuja kumtazama usoni mwanamke mzembe kiasi kile. Nani amwoe mtu anayegawa aibu za wenzake kwenye vikopo?

"Mwanangu, mbona umekuwa mweupe?" Mama Mkubwa Rayya alimshika goti.

"Joto, Mama Mkubwa."

"Joto gani na kiyoyozi kinanguruma? Usiogope. Mwanamume akichelewa posa huwa anatafuta kiatu."

Sinia ya kahawa iliingia sebuleni. Jokha aliijua desturi, ameiona kwenye posa za wengi: mzee wa muombaji hupokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa, na hakinywi mpaka apewe jibu. Alisikia vikombe vikiwekwa juu ya meza, kimoja, kimoja. Kisha hakusikia mtu akinywa. Muuza barafu akaenda zake. Mazungumzo ya sebuleni yakahamia bei za nyumba, yakahamia kisukari, yakaisha. Kahawa ilikuwa inapoa na kila mtu alikuwa anaiangalia ikipoa.

"Ami Nassor," Mazin alisema mwisho, na Jokha aliijua ile sauti, ilikuwa ya adabu ya mtu aliyekwisha amua, "mimi nina dada mmoja. Kuna kijana mwenzangu ana duka la vipuri hapa hapa, namjua tangu tunacheza mpira. Alimtaka, nikamkatalia kwa sababu Jokha aliniomba. Lakini mtu asiyeweza kuwahi siku ya posa yake..."

Kengele ya mlango ikalia.

*

Kupitia upenyo wa mlango Jokha alimwona. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imekunjamana mgongoni kote, macho mekundu, midomo imepasuka kwa upepo wa njiani. Mkononi alikuwa amebeba kijokofu cha plastiki, kama vile vya kubebea soda za matembezi.

Alisalimia. Akaomba radhi. Mazin hakumwambia aketi.

"Umetuletea samaki?"

"Hapana, ndugu yangu."

"Wazee wako wamekaa hapa na kahawa imeganda. Nipe sababu."

"Sababu ninayo," Hilal alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Lakini si mali yangu. Siwezi kuitoa."

"Umetoka wapi sasa hivi?"

"Riyadh."

"Kwa gari?"

"Kwa gari."

"Na tiketi ya ndege unayo mfukoni."

"Ninayo."

"Hilal!" Ami Nassor alisema. "Sema, mwanangu. Hata kama ni upuuzi, sema."

Hilal aliangalia kijokofu mikononi mwake. Kisha akainua macho, si kwa Mazin, bali kwenye upenyo wa mlango, kana kwamba alijua kuna jicho pale. Alitazama mara moja tu, akainamisha kichwa.

"Nisameheni. Siwezi."

Foleni ya mashine. Kijokofu. Njia nzima ya jangwani. Kama mkanda ungekuwa umesafishwa, mashine isingeudhuru, naye asingekuwa na haja ya kuukimbiza na barafu. Basi ulikuwa mzima. Au ulikuwa umepigwa mara ya pili lakini haujasafishwa? Hakujua. Alichojua ni hiki: akinyamaza tu, Hilal atatoka amebeba kosa lisilo lake, hakuna mtu atakayejua kamwe, wanawake wataendelea kumfungulia milango ya kumbi, na mwenye duka la vipuri atakuja wiki ijayo na kahawa yake itanywewa moto. Akisema, huenda akapoteza kazi na Hilal kwa siku moja.

"Halas, yamekwisha," Mazin alisema sebuleni. "Ami Nassor, unisamehe. Wewe ni mtu mzima na..."

Jokha alisimama. Bi Zuwena alimdaka baibui. "We Jokha! Hujaitwa!"

Pazia likafunguka.

"Kaka Mazin, ni mimi niliyemchelewesha."

Wanaume wote walitazama chini isipokuwa Mazin. "Rudi ndani."

"Alhamisi, wewe ulipokuwa unapiga honi, nilitoa mkanda usio wenyewe nikampa Risper ampe. Alichobeba humo ndani ni harusi. Hakupanda ndege kwa sababu mashine ingezichoma picha. Na hasemi kwa sababu ananisitiri mimi."

"Harusi ya nani?"

Sauti ilitoka nyuma ya Jokha.

"Ya Huda wangu?" Mama Mkubwa Rayya alikuwa amesimama kwenye pazia, amejifunika mpaka puani, na macho yake yalikuwa makubwa. "Jokha. Mimi nimo humo. Nilivyokuwa nimevaa."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Mwanamume amekaa na picha za wanawake wa watu!" Mazin akapiga hatua.

"Nyamaza kwanza, Mazin, zilizomo ni nywele zangu, si zako." Mama Mkubwa akamgeukia Hilal. "Wewe kijana. Nitazame. Umeziona?"

"Sijaziona, mama. Hazijasafishwa. Hakuna aliyeziona, hata mimi."

"Ulijuaje basi kama ni harusi?"

Hilal aliweka kijokofu chini. "Jana nilikuwa na kazi mpaka jioni, sikupata nafasi ya kuupiga. Nikauchukua nije nao, niupige dirishani kwenye ndege. Kwenye foleni nikafungua kikopo, nimwombe askari aukague kwa mkono. Harufu ya udi ikanipiga usoni. Mitaa ya Al-Balad haifukizwi udi, mama. Nikaogopa. Askari wangeuvuta nje, au wangeupitisha mashine. Nikafunga kikopo, nikakimbia."

"Na simu? Huna simu?"

"Niliandika neno moja. Zaidi ya hapo sikuweza. Simu hupita mikononi mwa watu, na jambo la wanawake haliandikwi. Halafu ikaisha chaji baada ya mji wa Afif, na mimi sikutaka kusimama, jua lilikuwa kali, barafu inayeyuka."

Mazin, aliyeusoma ujumbe ule asubuhi, aliangalia zulia.

"Maneno ni maneno," Mama Mkubwa alisema. "Hata shetani hujua kusema. Jokha, chukua hilo jokofu. Twende bafuni mimi na wewe. Nitaona kwa macho yangu."

"Na ukikuta zimeguswa," Mazin alisema, "posa hii haipo, na wewe Jokha kamera hiyo nitaitia baharini."

*

Kuutoa mkanda kwenye kichupa na kuuingiza kwenye kigurudumu kunataka giza lote. Jokha alizima taa, akaziba chini ya mlango kwa taulo. Giza likawa zito kama blanketi. Alimsikia Mama Mkubwa akipumua karibu na sikio lake, na alisikia mkono wake, wenye bangili nyingi, ukimtafuta begani na kutulia hapo.

"Unaona kitu wewe?"

"Sioni. Vidole ndivyo vinavyoona."

Mkanda ulikuwa baridi, mkavu. Hilal alikuwa ameufunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya mfuko mwingine. Jokha aliunusa gizani. Udi. Udi wa usiku ule, bado.

"Na kama alishaupiga kabla hajanusa?" Mama Mkubwa alinong'ona. "Yale maajabu yenu ya magari juu ya nyuso?"

Ni swali lile lile alilokuwa akijiuliza Jokha. "Tutaona, Mama Mkubwa."

"Unampendea nini mtu huyu? Sema sasa, tuko gizani, hakuna anayekutazama."

Vidole vya Jokha vilisukuma mkanda kwenye mtaro wake, ukaingia, ukazunguka. "Hana haraka na mimi," alisema mwisho. "Watu wote wanataka kuniona mara moja. Yeye anasubiri niwe tayari."

Bangili za Mama Mkubwa zililia kidogo.

Kifuniko cha kopo la kusafishia kilifungwa, taa ikawashwa. Jokha alimimina dawa ya kwanza, akalitikisa kopo kwa utaratibu wake wa siku zote, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Akamwaga. Dawa ya pili. Aliwaza jangwa lile lote, joto la barabarani, barafu ikigeuka maji. Joto nalo huua mkanda. Hata kama Hilal ni mkweli, huenda atakachokivuta humu ni ukungu mtupu.

"Vuta," Mama Mkubwa alisema.

Jokha alivuta.

Shela jeusi tititi. Meno meusi. Huda ameangusha kichwa nyuma, anacheka, mkono wa hina mdomoni. Picha iliyofuata, wanawake wanne wameshikana mabega. Hakuna treni. Hakuna ghorofa za Olaya. Mbele zaidi, mwanamke mnene, mikono juu, kiuno kimepinda, uso wote furaha.

"Huyo ni nani?" Mama Mkubwa akasogea kwenye taa, akabana macho. "Ah! Mimi huyo! Ya Rabi, tazama nilivyokiachia kiuno!" Akaziba mdomo kwa shela, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake.

Mwishoni mwa mkanda, picha chache zilikuwa na ukungu pembeni, kama pumzi kwenye kioo. Joto lilikuwa limegusa hapo. Zaidi ya hapo, kila kitu kilikuwa kizima.

Mama Mkubwa alifuta uso. Alipoanza tena kusema, hakuwa anacheka.

"Kijana ni mkweli. Lakini wewe ulizembea, Jokha. Huda utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kesho. Kama atakusamehe ni yeye. Kama hatakubali upige tena harusi ya mtu wetu, utanyamaza."

"Nitamwambia," Jokha alisema, akaubana mkanda kwenye kamba ukauke.

Mama Mkubwa alitoka bafuni kwanza. Kwenye pazia akasimama, akasema kwa sauti ya kufika sebuleni, "Mazin! Ni kama alivyosema. Neno kwa neno."

Jokha alibaki nyuma ya mlango usiofunga sawasawa, mikono yake inanuka dawa. Kisha akamsikia kaka yake.

"Ulipitia mlima wa Al-Hada?"

"Nilipitia," Hilal alijibu.

"Nyani walikuwako?"

"Mmoja alikaa juu ya boneti. Nilikuwa nimesimama kuongeza barafu."

"Mimi Alhamisi walikula chapati zangu zote," Mazin alisema. "Kutwa nzima ile nilikuwa natukana vile vikopo. Na vilikuwa vya dada yangu. Wewe umekibeba hiki, na si cha dada yako."

Jokha alichungulia. Mazin alikuwa ameinuka. Alivichukua vikombe vya kahawa iliyopoa, kimoja baada ya kingine, akavimwaga kwenye bakuli. Akashika birika la dele yeye mwenyewe, akamimina kahawa mpya, moshi ukapanda. Kikombe cha kwanza akampa Ami Nassor. Cha pili akakishika mbele ya Hilal, na mkono wake haukuwa na haraka ya kukiachia.

"Akilia kwa ajili yako hata siku moja," alisema, "nitaendesha njia ile ile kuja Riyadh."

"Utanikuta nyumbani."

"Kaa chini, basi. Kunyweni."

Mzee alitangulia, kama inavyopasa. Hilal alisubiri zamu yake. Jokha alifumba macho nyuma ya mlango, akasikiliza, mpaka akasikia kikombe cha pili kikirudishwa kwenye sinia, kitupu.